Maziwa huchafukia wapi? Njia ya kutoka kwenye kiwele hadi kwenye kikombe

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, katika eneo la Ankole linalojulikana kwa ng'ombe wenye pembe ndefu. Hapa wenyeji na wakimbizi huuziana maziwa mabichi. Maziwa ya ng'ombe mwenye afya hutoka kwenye kiwele yakiwa na vijidudu vichache sana. Uchafu mwingi huingia baada ya hapo.

Kwa ng'ombe

Samadi, matope na manyoya hudondoka ndani ya ndoo wakati wa kukamua. Osha chuchu kwa maji safi, kisha zikaushe kwa kitambaa safi, kwa sababu maji yanayochuruzika hubeba uchafu. Kamua matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi. Ukiona mabonge, damu au majimaji, ng'ombe huenda ana ugonjwa wa kiwele. Mkamue wa mwisho na usichanganye maziwa yake na mengine.

Kwa mkamuaji

Nawa mikono kwa sabuni na ukate kucha. Mwenye kuhara au kidonda mkononi asikamue.

Kwenye vyombo

Jerikani ya plastiki ina mdomo mwembamba, mkono hauingii, na mikwaruzo ya ndani huficha vijidudu. Chombo cha alumini au chuma kisichoshika kutu, chenye mdomo mpana, ni bora zaidi. Kisuuze, kioshe kwa maji moto na sabuni, kisuuze tena, kisha kikaushe juani kikiwa kimeinamishwa. Kitambaa cha kuchujia kifuliwe na kuchemshwa kila siku.

Njiani

Kwenye joto, bakteria wengi huongezeka maradufu kila dakika 20 hadi 30. Kwa dakika 30, bakteria mmoja huwa 256 baada ya saa nne. Fikisha maziwa haraka, yaweke kivulini, na usichanganye ya jana jioni na ya leo asubuhi. Kuongeza maji si wizi tu: maji machafu huleta kuhara na homa ya matumbo.

Kuchemsha kunatosha?

Kuchemsha ni lazima, hasa kwa watoto na wajawazito. Kunaua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Lakini hakuondoi mabaki ya dawa wala sumu zinazoachwa na baadhi ya bakteria. Ndiyo maana usafi uanze kwenye kiwele. Ng'ombe akitibiwa, maziwa yake yasiuzwe wala kunywewa hadi muda ulioandikwa kwenye lebo ya dawa upite. Muulize daktari wa mifugo.

Jihadhari na homa

Brusela kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Watu wengi hudhani ni malaria. Ukipimwa malaria ukakutwa huna, na homa inaendelea, mwambie mhudumu wa afya kwamba umekuwa ukinywa maziwa mabichi au unahudumia mifugo. Neno hilo moja linaweza kumsaidia kujua apime nini.

Unaponunua

Muulize muuzaji: yamekamuliwa saa ngapi? Ng'ombe anatibiwa? Angalia chombo na ukinuse kabla ya kulipa. Ukifika nyumbani, chemsha hadi maziwa yaumuke, kisha yafunike.