Kuzuiliwa kwa wahamiaji wanaosubiri kurudishwa makwao

Kuzuiliwa kwa mhamiaji anayesubiri kurudishwa kwao si adhabu. Anawekwa chini ya ulinzi hadi zipatikane hati za safari, ndege, na nchi itakayompokea. Nchini Kenya mamlaka ya kumzuia yamo katika Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Kifungu cha 43 kinampa waziri uwezo wa kuamuru aondolewe mtu aliyemo nchini kinyume cha sheria, naye akae rumande hadi siku ya kuondoka. Akae siku ngapi? Kifungu hakisemi.

Swali hilo lilijibiwa mbali na Afrika. Hong Kong, ikiwa bado chini ya Uingereza, ilianza kuwafungia Wavietinamu katika kambi zenye ua mwaka 1982. Kuanzia Juni 1988 kila aliyefika kwa mashua alihojiwa, na asiyetambuliwa kuwa mkimbizi alizuiliwa akingoja kurudishwa. Kifungu cha 13D cha sheria ya uhamiaji ya huko kiliruhusu hayo waziwazi. Machi 1996, katika kesi dhidi ya msimamizi wa kambi ya Tai A Chau, Baraza la Faragha la London, ambalo enzi za ukoloni lilisikiliza pia rufaa za Kenya, liliamua kwamba mtu huzuiliwa kwa ajili ya safari tu. Vietinamu ilikuwa ikiwakataa wale isiowahesabu kuwa raia wake. Safari ikiwa haiwezekani, sababu ya kumfungia mtu imekwisha, na ni juu ya serikali kuthibitisha kwamba bado ipo. Msingi wa uamuzi huo ulikuwa umewekwa na mahakama ya Uingereza mwaka 1983: muda uwe wa kiasi, na maafisa wasizembee.

Kenya ina kinga iliyo karibu zaidi. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi mahakamani iwapo saa hizo zinaishia nje ya saa za kazi. Ibara ya 25 inakataza kabisa kuwekewa mipaka haki ya kuomba mahakama iamuru aliyezuiliwa aletwe mbele yake. Maandishi hayo ni mazuri. Utekelezaji ni habari nyingine. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikusanywa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, Nairobi, uliotangazwa rasmi kuwa kituo cha polisi. Wapo waliopandishwa ndege hadi Mogadishu.

Kesi iliyotikisa zaidi ilimhusu mtu aliyezaliwa Kenya. Wakili Miguna Miguna, mzaliwa wa Nyando, alikamatwa 2 Februari 2018, siku chache baada ya kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, kula kiapo cha 'rais wa wananchi' Uhuru Park. Mahakama iliagiza aletwe. Badala yake, usiku wa 6 Februari, alisafirishwa kwenda Kanada. Aliporudi mwezi Machi alizuiliwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kisha akapelekwa Dubai kinyume cha amri nyingine. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo alikuwa Fred Matiang'i. Jaji George Odunga alimpata na hatia ya kuidharau mahakama, pamoja na Inspekta Jenerali wa Polisi na katibu wa uhamiaji, akawatoza shilingi 200,000 kila mmoja. Desemba mwaka huohuo Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba haki za Miguna zilikiukwa, akaagiza alipwe fidia ya shilingi milioni 7. Alirejea Nairobi 20 Oktoba 2022.

Hukumu za kesi ya Miguna zilitoka Nairobi, ila sheria haibadiliki ukifika Nyamache, kwenye vilima vya chai vya Bobasi, Kisii. Mgeni akikamatwa sokoni huko, saa 24 zinahesabiwa tangu alipokamatwa, si tangu gari la uhamiaji lilipowasili. Kwa hiyo jamaa au mwajiri wake aende kituoni mapema, aulize namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), aandike na saa iliyoandikwa kitabuni. Wakili ataanzia hapo.