Rubani: Kutoka Baharini Hadi Angani

Wapo wasemao kwamba elimu ya kuendesha ndege ni ngeni kabisa kwetu, na kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuibeba. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba dai hilo halina msingi. Neno rubani lilikuwa likitumika baharini kabla ndege ya kwanza yenye injini haijaruka huko Marekani mwaka 1903.

Nahodha ndiye mkuu wa chombo. Rubani ni mjuzi wa njia, aongozaye chombo kifike salama. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498, alipewa rubani wa kumvusha, naye akaiona pwani ya Calicut, Bara Hindi, mwezi uliofuata. Vitabu kadhaa vimemtaja rubani huyo kuwa ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa Kiarabu aliyetunga vitabu vya elimu ya bahari, lakini wanahistoria wengi hawakubali. Lililo dhahiri ni kwamba elimu hiyo ilikuwapo katika Bahari ya Hindi kabla ya Wareno kufika.

Rubani wa zamani alihitaji kujua mambo matatu: anaelekea wapi, yuko wapi, na upepo wamfanyia nini. Mwelekeo aliujua kwa nyota na kwa dira. Mahali alipo alipajua kwa kupima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari, akitumia kibao chenye uzi wa mafundo. Upepo aliujua kwa majira: kaskazi humleta, kusi humrudisha.

Mwanafunzi wa urubani leo hujifunza mambo hayo hayo. Mwelekeo wake hupimwa kwa nyuzi 360 za dira. Hata njia ya kurukia ndege hupewa namba kutokana na dira: ile ya Dar es Salaam iitwayo 05 huelekea nyuzi 50 hivi, na ukiitazama kutoka upande wa pili huitwa 23, yaani nyuzi 230 hivi. Tena hufundishwa kutofautisha mwelekeo na njia, kwa sababu upepo wa ubavuni huisukuma ndege kando kama usukumavyo jahazi; pua hutazama huku, ndege ikaenda kule. Masafa huhesabiwa kwa maili ya bahari, yenye mita 1,852. Mwendo nao hupimwa kwa maili hizo kwa saa, kipimo ambacho katika lugha za Ulaya huitwa fundo, kutokana na kamba yenye mafundo waliyoitumia mabaharia.

Sheria nazo zina nasaba hiyo. Mkataba uliotiwa saini Chicago mwaka 1944 uliweka misingi ya usafiri wa anga wa kimataifa. Kwa kanuni zilizofuata, ndege mbili zikikabiliana uso kwa uso, kila moja hugeukia kulia. Njia zao zikikatana, ile imwonayo mwenziwe upande wa kulia humpisha. Usiku, taa nyekundu huwa kushoto na ya kijani kulia. Mabaharia wa merikebu za injini walikuwa na kanuni hizo kabla ya marubani. Aidha, katika kila ndege yupo mkuu mmoja mwenye neno la mwisho. Wahenga wetu walikwisha kusema: nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Vijana wa Afrika Mashariki walioingia chuo cha urubani kilichoanzishwa Soroti, Uganda, mwaka 1971, walisoma kwa Kiingereza, na hilo halishangazi, kwani lugha hiyo hutumika angani duniani kote. Lakini mwanafunzi akiambiwa kwamba dira, upepo na njia ni mambo yaliyojulikana pwani yetu, ataiendea elimu hiyo bila woga. Ni juu yetu sisi walimu kumwambia. Lugha iliyowahi kuvusha majahazi haiwezi kushindwa na ndege, ila wenyewe tukiacha kuitumia.