Tabia na Mwenendo: Kuwajua Watu Nje ya Chuo Kikuu



Kila mwaka wanafunzi wetu huandika tasnifu juu ya namna Shaaban Robert alivyomchora binadamu, na sisi tulio na shahada huzisahihisha. Mwandishi mwenyewe hakupata kukaa katika darasa la chuo kikuu. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, akapata cheti cha kumaliza shule, akaingia kazini. Chuo Kikuu Kishiriki kilipofunguliwa Dar es Salaam mnamo Oktoba 1961, kikiwa na kitivo cha sheria tu, yeye alikuwa na umri wa miaka 52; Juni iliyofuata akafariki. Ujuzi wake wa watu, basi, aliupata wapi?

Yafaa tuanze na maneno, maana ndiyo kazi yetu. Chuo, kwa watu wa pwani, ni pale watoto walipofundishwa Kurani, na katika matini za kale neno hilohilo lina maana ya kitabu. Mwanachuoni alikuwapo karne nyingi kabla ya profesa. Lakini maneno yanayonishughulisha zaidi ni mawili tunayoyatumia kama visawe, nayo si visawe. Tabia limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kupiga chapa: mtu amekwisha kupigwa muhuri wake. Mwenendo ni letu la Kibantu, limetokana na kuenda, kuenenda. Mwenye mwenendo bado yumo njiani, na anayetaka kumjua hana budi kumfuata huko aendako.

Mtu aliyejua kufuata ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, katika nyumba ya wafinyanzi, na hakupelekwa kusoma. Aliuza vyungu kwa miguu. Tuifikirie kazi hiyo bila haraka. Mchuuzi wa vyungu husimama mlangoni. Huona nani anayelipa papo hapo na nani anayeahidi kesho, bibi wa nyumba anavyomwita mtumishi, sauti inavyobadilika mume akirudi. Asipoyatambua hayo, jioni hurudi na vyungu vyake. Mnamo 1911 alihamia mjini, akajifunza muziki, akaimba taarabu kwa Kiswahili wakati taarabu ya ikulu ilikuwa ya Kiarabu. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Nyimbo zao zilihusu mambo yaliyotokea mitaani. Ule wa Kijiti unahusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, na mtuhumiwa akatorokea bara. Mwenye kuusikiliza hupitishwa hatua kwa hatua: mwaliko, matembezi, kisha hila. Huo ni mwenendo hasa.

Baadhi ya wenzangu husema kwamba ujuzi wa namna hii hauna kipimo. Sikubaliani nao. Siti aliimba mbele ya watu wa Ng'ambo waliowajua wale walioimbwa. Wimbo uliomsingizia mtu jambo asiloweza kulitenda ungeumbuka usiku uleule. Ninakiri, hata hivyo, kwamba jicho la jirani lina kasoro yake: huhukumu upesi, na hasa humhukumu mwanamke. Siti mwenyewe aliimbwa kwa kejeli kwa sura yake na kwa asili yake.

Kwa upande wake Shaaban Robert alikaa katika idara ya forodha tangu 1926 hadi 1944. Forodhani mtu hutamka alichobeba, na karani hulinganisha kauli na mzigo. Sijui shule nyingine inayomzoeza kijana namna hiyo, kwa miaka 18, kutofautisha lisemwalo na lililomo. Lakini hapa nina neno la kumpinga mwalimu wetu huyu. Katika hadithi zake mara nyingi alichagua tabia, akauacha mwenendo. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Tukishayasikia majina, ni kipi kilichobaki cha kuwachunguza? Katika Kusadikika (1951) mshitaki anaitwa Majivuno. Muhuri umekwisha kupigwa kabla mtu hajafungua kinywa. Najua kwamba istiara ilimpa nafasi ya kusema mengi katika enzi ya mkoloni, na kwamba huo ndio utaratibu wa ngano. Bado naona kwamba yule karani wa forodha alijua zaidi ya yale aliyoyaruhusu yaingie katika hadithi hizo.

Yalimtoka alipokutana na Siti. Alimwendea mwaka 1950, miezi michache kabla ya bibi huyo kufariki mwezi Julai. Katika Wasifu wa Siti binti Saad hakuwa na mhusika wa kumbuni wala jina la kumchagulia. Alikuwa na mtu aliyekwenda: shamba, mjini, Bombay, na kurudi. Hapo ndipo ninapomwona akimtazama binadamu anayebadilika, anayeumia, anayejibu. Wanafunzi wetu hukiruka kitabu hicho wakikimbilia Kusadikika. Kilichapishwa mwaka 1958, kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Siti alikuwa amekwisha kufa miaka minane, na mwandishi alibakiwa na miaka minne.