Nani alilipia cheti cha fundi?

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliadhimisha miaka 30 Machi 2025. Katika shughuli za namna hii wafadhili hushukuriwa kwa mpigo, majina ya nchi yakasomwa haraka haraka, kisha watu wakaenda kula. Shukrani ni haki yao. Lakini ukizifuatilia sheria zilizoiunda VETA, pamoja na malalamiko ya waajiri yaliyozisindikiza, unaona kuwa cheti cha fundi wa Tanzania kilipita katika mikono mingi ya wageni, na ugomvi mkubwa kuliko yote ukawa wetu wenyewe, juu ya fedha zetu wenyewe.

Mwanzo wake hauna mengi. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wanagenzi. Mwaka 1974 Bunge likapitisha sheria ya mafunzo ya ufundi stadi na kuunda idara ya taifa chini ya Wizara ya Kazi.

Wageni wakaja, kila mmoja na lake. Nyerere alivutiwa na shule za watu wazima alizoziona Sweden, na kuanzia 1975 vikafunguliwa vyuo vya maendeleo ya wananchi, zaidi ya 50 nchi nzima. Wajerumani wa Magharibi walisaidia kuanzisha Chuo cha Ufundi Arusha mwaka 1978. Warusi wakaelekea Mbeya, ambako chuo cha ufundi kilianza 1986 kwa makubaliano na Muungano wa Kisovieti. Waswisi walishika Morogoro, kwenye chuo cha walimu wa ufundi stadi. Vita Baridi vilikuwa vikipiganwa hata karakanani, na sisi tulipokea kila kilichokuja.

Kilichowaunganisha mafundi stadi ni majaribio ya ufundi yenye madaraja matatu, ambayo mafundi wenyewe waliyaita tredi testi. Daraja la tatu lilikuwa la chini, la kwanza la juu. Mwashi alipewa mchoro, tofali, mchanga na saruji, akaambiwa muda wake. Anajenga kona ya ukuta. Msahihishaji anakuja na timazi, anaining'iniza kwenye kona. Anaweka pima maji juu ya kozi ya mwisho. Anatazama kama viungo vya matofali vimepishana au vimefuatana. Hapo maneno hayasaidii. Ndiyo maana hata fundi wa mtaani ambaye hakukanyaga chuo aliweza kufanya jaribio, na mwajiri akiona karatasi ya daraja la kwanza hakuuliza mengi.

Miaka ya 1990 viwanda vya umma vilikuwa vimeyumba, vingine vikauzwa, vingine vikafungwa makufuli. Mafundi walikuwa wakiandaliwa kwa ajira ambazo hazikuwapo tena. Sheria Namba 1 ya mwaka 1994 ikaunda VETA, Denmark ikiwa miongoni mwa nchi zilizosaidia mageuzi hayo. Pamoja nayo ukaja mtindo wa kupima umahiri, ambao Uingereza iliuingiza katika vyeti vyake vya kazi kuanzia 1986, na Australia na New Zealand nazo zikaufuata. Mafunzo yakakatwa vipande, kila kipande kikiandikiwa mambo ambayo mwanafunzi lazima ayaweze. Mtindo wenyewe si mbaya. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi uliendeshwa bega kwa bega na majaribio ya zamani, na mwajiri akawa na karatasi za aina mbili mezani asijue ipi nzito.

Sasa tuje kwenye fedha. Sheria ya 1994 iliweka jambo ambalo hakuna mfadhili angeweza kulifanya kwa niaba yetu: mwajiri achangie mafunzo kwa asilimia 2 ya mishahara anayolipa. Waajiri hawakufurahi, lakini hoja ilieleweka. Anayefaidi fundi amsomeshe. Baadaye mchango huo ukaunganishwa na tozo nyingine ya mishahara, ikapatikana tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo wahasibu huiita SDL, ya asilimia 6. Na hapo ndipo moto ulipowaka. VETA ikawa inapata theluthi moja tu. Theluthi mbili zikabaki Hazina na kutumika kwingine, ikiwamo mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu.

Chama cha Waajiri kililia mwaka hadi mwaka. Jirani zao wa Kenya walikuwa wakilipa shilingi 50 za huko kwa mfanyakazi mmoja kwa mwezi, basi. Serikali ikawa inashusha kwa kudonoa: asilimia 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, baadaye 4, kisha 3.5 mwaka 2023. Kwa maoni yangu waajiri walikuwa na haki, ila waligombania nusu ya jambo. Walitaka walipe kidogo. Ni wachache waliosimama kudai kwamba hicho wanacholipa kiende chote karakanani, ambako wanafunzi wengi bado hupanga foleni mbele ya mashine moja ya kuchomelea.

Ya karibuni ni mafupi. Shirika la Kazi Duniani lilisaidia utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Chama cha mafundi cha Hamburg kilirudisha uanagenzi wa Kijerumani, mwanafunzi akigawanya muda kati ya chuo na kampuni. Na kuanzia 2021 udhibiti wa vyuo vya ufundi stadi ulihamia NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi. Kabla ya hapo VETA ilikuwa imezoea kufundisha na kujikagua yenyewe.

Serikali sasa inajenga vyuo katika wilaya 64, pamoja na kimoja cha Mkoa wa Songwe. Majengo yanapanda kwa kasi. Vyuo vyote hivyo vitahitaji walimu wa uashi, umeme na useremala, na wa kuwaandaa ni Morogoro, kwenye chuo kilichoanza kwa msaada wa Waswisi. Bajeti ya walimu hao haijasikika ikijadiliwa kwa sauti kama ile ya matofali.