Joginder Singh, Simba wa Kenya

Marehemu Joginder Singh, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Kericho, nchi ya chai, alilelewa na baba fundi wa magari, na kabla hajawa mashuhuri kwa mwendo alijulikana kwa spana. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant, wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na wengine, waliondoka wa kwanza katika mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyofanywa aghalabu wakati wa Pasaka, msimu wa masika yaliyowatahini madereva, wakarejea Nairobi washindi. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, pamoja na David Doig, na katika Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19, jambo ambalo kwa rai yetu lapita hata ushindi. Sifa hizo hazikumtoa karakanani: biashara yake ya magari mjini Nairobi ilitegemea ilimu ile ile ya ufundi. Alifariki London, Oktoba 2013.