Njia Panda ya Makambako

Nahau ya Kiingereza isemayo kwamba jambo lisiloamuliwa liko juu hewani haihamishiki neno kwa neno, kwa kuwa katika Kiswahili kipindi kilicho hewani ni kile kinachotangazwa redioni, na mtumishi hewa ni jina lililomo katika orodha ya mishahara pasipo mtu. Kiswahili huyaweka mashaka hayo ardhini, miguuni pa msafiri: asiyejua la kufanya yuko njia panda, yaani pale njia inapogawanyika mfano wa panda, tawi lenye pembe mbili ambalo watoto hutengenezea manati. Fisi wa methali, aliyeshindwa na njia mbili, alishindwa papo hapo penye njia panda.

Makambako, mji ulio kilomita zipatazo 60 kaskazini mwa Njombe, ni njia panda kwa maana zote mbili, na ile ya pili, ya moyoni, ndiyo iliyowagharimu watu zaidi. Katika utawala wa Waingereza wilaya ya Njombe, ambamo Makambako ilikuwamo, ilitoa manamba wengi, yaani vibarua wa mkataba waliotambuliwa kwa namba, ambao walipelekwa katika mashamba ya mkonge ya mbali, hasa baada ya wenye mashamba kuanzisha mwaka 1944 ofisi ya kuajiri iliyoitwa SILABU. Kijana wa Kibena, mwenyeji wa Njombe, aliyedaiwa kodi alipaswa kuchagua kati ya shamba la wazazi wake na kipande, kadi iliyotiwa alama kila siku ya kazi hadi zitimie siku 30, na uchaguzi huo, uliosukumwa na kodi, haustahili kuitwa wa hiari. Kilimo cha miwati, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi, kilipoanzishwa Njombe mwaka 1949, kazi ya mshahara ilisogea karibu na nyumbani.

Reli ya kuunganisha Tanzania na Zambia, inayopita Makambako, nayo ilisubiri. Benki ya Dunia iliona mwaka 1964 kwamba haina faida. Tanzania na Zambia zikatia saini mkataba na China Septemba 1967, na kipande cha Mlimba hadi Makambako, kinachopanda milima kwa mahandaki na madaraja marefu, kikawa kigumu kuliko vyote. Reli ilikabidhiwa Julai 1976, kisha katika muongo wa 1980 barabara ya Songea ikatiwa lami kwa msaada wa Uingereza, na abiria waliotoka pamoja Dar es Salaam wakawa wanaagana Makambako, huyu akishika njia ya Mbeya, yule akielekea Njombe.