Vijiji vya Kimataifa vya Watoto: Miaka 75 ya Kazi ya Kujitolea (1951–2026)

Taasisi inayojulikana leo kwa herufi CISV, ambazo ni ufupisho wa jina lake la awali, yaani Vijiji vya Kimataifa vya Watoto vya Majira ya Kiangazi, ilibuniwa mwaka 1946 na Doris Twitchell Allen, mwanasaikolojia wa Marekani, wakati mataifa yalipokuwa ndiyo kwanza yametoka katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wako wasomi waliotarajia kwamba amani ingefundishwa vyuo vikuu, lakini Allen alishikilia kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, na kwa sababu hiyo akachagua watoto wa miaka 11, ambao wamekwisha kuzijua mila za kwao lakini chuki za wakubwa hazijawakolea.

Kijiji cha kwanza, yaani kambi ya watoto wa mataifa mbalimbali wanaoishi pamoja kwa muda wa wiki kadhaa, kilifanyika mwaka 1951 mjini Cincinnati, katika jimbo la Ohio, ambako watoto wa Ujerumani walikula na kucheza pamoja na wa Uingereza na Ufaransa, miaka sita tu baada ya nchi zao kuacha kupigana. Utaratibu uliojengeka baadaye ni kwamba kila nchi hupeleka msafara wa watoto wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, chini ya mkuu wa msafara aliyetimiza miaka 21, huku vijana wa miaka 16 na 17 wakiwa wasaidizi wa kambi.

Sanaa za maonyesho zilipewa nafasi kubwa tangu mapema, na jambo hilo halikutokea kwa bahati. Allen alikuwa mtaalamu wa saikodrama, ambayo ni njia ya tiba inayomtaka mtu aigize tatizo lake mbele ya wenzake badala ya kulisimulia tu, na alifahamu kwamba watoto wasio na lugha moja huelewana upesi zaidi kwa wimbo, mchezo na igizo. Ndiyo maana kila msafara hupewa jioni yake, ambapo watoto huvaa mavazi ya kwao, huonjesha wenzao vyakula vya nyumbani, kisha huwafundisha ngoma na michezo, hata mtazamaji akageuka mchezaji. Usiku, viongozi hupita katika vyumba vya kulala wakiwaimbia watoto nyimbo za kubembeleza.

Kazi hiyo yote hubebwa na watu wanaojitolea, yaani wanaotoa muda na ujuzi wao bila kulipwa mshahara. Mkuu wa msafara hupewa mafunzo kabla ya safari, kisha kwa muda wote wa kambi huwa mlezi wa watoto, mkalimani wao na mwandalizi wa michezo. Nao wanachama wa tawi mwenyeji hutafuta jengo, hupanga chakula na matibabu, na familia zao huwapokea wageni kwa siku chache ili waone maisha ya nyumbani yalivyo. Mwaka 1961 ulianzishwa mpango wa kubadilishana ugeni baina ya familia, ambapo mtoto aliyepokea mgeni hupokewa naye baadaye katika nchi ya mgeni huyo.

Kutoka kambi moja ya Ohio, taasisi hiyo, yenye ofisi kuu katika mji wa Newcastle upon Tyne nchini Uingereza, imeenea katika zaidi ya nchi 60. Fedha, majengo na kanuni vimeisaidia kusimama, lakini kilichoifikisha miaka 75 ni wazazi, walimu na vijana waliokubali kuacha likizo zao ili watoto wa wengine wafahamiane. Na hao, hata kama majina yao hayakuandikwa popote, ndio waasisi wake wa kweli pamoja na Allen, na wanastahili heshima ya kwanza katika maadhimisho haya.